Si kusafishwa kunakolegeza meno

Kuna onyo utalisikia kwenye daladala, saluni na hata msibani: usikubali kusafishwa meno, ukishaanza tu yanalegea. Anayelitoa huwa na ushahidi. Shangazi yake alikwenda kusafishwa, akarudi na mianya, maji baridi yakawa hayanyweki, na haukupita muda meno mawili ya mbele yakaondoka. Ushahidi wenyewe ni wa kweli. Aliyekosewa ni mshitakiwa.

Tuanze na ukoga, ule utelezi unaoukuta kwa ulimi asubuhi. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, kumbe ni bakteria walioshikamana juu ya jino na kujitengenezea utando. Mswaki unautoa bila taabu. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate, hasa kalsiamu na fosfati, huanza kuugandisha, na baada ya siku chache palipokuwa na utelezi panakuwa na ugaga, kitu kigumu cha manjano au kahawia ambacho mswaki haukibandui hata usugue kwa hasira. Ugaga una makazi mawili uyapendayo: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavuni wa magego ya juu. Hapo ndipo mirija mikubwa ya mate inapomwaga. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya chini sasa hivi. Ukikuta ukuta mmoja usio na mpaka kati ya jino na jino, basi unao.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio lisilohitaji mashine yoyote. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waliacha kabisa kusafisha vinywa. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Wakarudia mswaki, fizi zikapona. Kwa hiyo damu inayoonekana kwenye povu la dawa ya meno ni habari ya mapema, ya hatua ambayo bado inarudi nyuma. Tunachokifanya wengi ni kupakwepa mahali panapotoka damu, tukidhani tunapaonea huruma, na ukoga ukapata pa kutulia.

Fizi nzima hukumbatia jino na kuacha kifereji kisichozidi kama milimita tatu. Ugonjwa ukishuka, kifereji kinageuka mfuko wa milimita tano, sita, hata nane, na mfupa unaolishikilia jino unaanza kulika. Mfupa huo ukishakwenda haujirudishi wenyewe. Na hakuna kinachouma, hapo ndipo penye hila. Mvutaji sigara ana balaa la ziada: tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, fizi zake hazitoki damu sana, akajiona mzima kuliko jirani yake asiyevuta.

Katika kliniki moja Kariakoo nilimkuta fundi cherehani, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja na uamuzi wake tayari. Daktari, kijana wa kumzaa, alimsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja uning'olee hili la mbele, linacheza."

"Tutalitazama mama. Ila kwanza nipime yote."

Akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakitumbukiza taratibu pembeni ya kila jino, sehemu sita kwa jino, huku akimtajia muuguzi: tatu, mbili, tatu, nne, tatu, sita. Kila ilipotajwa tano na kuendelea, muuguzi aliandika kwa wino mwekundu. Upande wa meno ya mbele ya chini ulikuwa mwekundu mtupu. Ikafuata picha ya eksirei, kisha sindano ya ganzi.

Mashine ya kusafishia ina ncha ya chuma inayotetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde, na maji huimwagikia muda wote isipate moto. Sauti yake ni ya mbu aliyekuingia sikioni, na nadhani nusu ya uvumi kuhusu kusafisha meno imezaliwa na sauti hiyo. Lakini ncha haikwangui jino. Ugaga hupasuka kwa mtetemo ukabanduka vipande vipande. Kimoja kilitua kwenye pamba, hakifiki hata nusu ya punje ya mchele. Upande mmoja kilikuwa cha manjano, upande wa pili cheusi. Ule mweusi ndio uliokuwa umejificha chini ya fizi. Baada ya mashine daktari alishika vifaa vya mkono vyenye ncha zilizopinda, akashuka ndani ya mifuko na kuusawazisha mzizi. Kazi ilichukua karibu saa nzima, tena nusu ya kinywa tu. Nusu nyingine wiki ijayo.

Sasa turudi kwa shangazi. Ugaga ukiwa mwingi huyashikanisha meno ambayo mfupa wake umekwisha kuliwa. Ukitolewa, jino linaonyesha ulegevu liliokuwa nao zamani. Fizi iliyovimba inanywea, na mwanya uliokuwa umezibwa na uvimbe unaonekana. Mzizi uliobaki wazi unasikia baridi, na mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya wiki chache. Hakuna katika hayo kilicholetwa na kiti cha daktari. Hata hivyo siwatetei madaktari wote: mkono mzito unaweza kuuchubua mzizi, na daktari anayesafisha bila kumwambia mgonjwa atakachokiona kesho kwenye kioo ndiye anayeupalilia uvumi anaoulalamikia. Wagonjwa wengine hukimbilia vidonge vya amoksilini vya duka la dawa. Uvimbe unaweza kutulia kidogo, ugaga ukabaki palepale, na bakteria wakarudi nyumbani.

Je, kila mwenye ugaga atapoteza meno? Hapana, na jibu hili sehemu yake ilipatikana kwetu. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji, Mkenya ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jarida la mtandaoni la Pambazuka News, walichapisha uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos. Ukoga na ugaga vilitapakaa, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umewaandama wachache. Sri Lanka nako, wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai wasiopata huduma yoyote ya meno walifuatiliwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1985: asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 wastani, na asilimia 11 haukuvuka uvimbe wa fizi. Ndiyo maana kupima kuna maana kuliko kutazama. Mwenye kisukari asingoje kuambiwa mara mbili, kwa kuwa sukari iliyopanda huuchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka.

Rangi pekee isikudanganye. Kuna watu wa Arusha na Meru waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi. Kahawia yao imo ndani ya jino lenyewe, si ugaga, na hakuna mashine ya kusafishia itakayoitoa. Madoa ya tambuu, sigara na chai ya rangi yako juu, hayo hutoka. Ama limau na magadi vinavyosifiwa kwenye simu, limau huila ngozi ngumu ya jino na ugaga unabaki ukitazama.

Jino lililomleta mama halikung'olewa siku ile. Lilikuwa na mfuko wa milimita saba upande mmoja, na daktari alitaka alipime tena baada ya miezi mitatu, fizi ikishatulia, ndipo waamue. Akamwonyesha vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno. Mama akauliza kama uzi wake wa cherehani haufai. "Huo utakukata fizi, mama." Akaanza kupiga hesabu kwa sauti: kuja mara mbili, vibrashi vya kila mwezi, kurudi tena kupimwa, na siku zote hizo cherehani imelala. Kung'oa angelipa mara moja, akawahi kazini kabla ya adhuhuri. Daktari hakumbishia hesabu hiyo. Alimwandikia tarehe ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, kabla wateja wake hawajaanza kufika.