Kuacha sigara si mwisho: Vipimo anavyohitaji aliyevuta kwa miaka mingi

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyevuta sigara kwa miaka 30 kisha akaacha, akiulizwa na daktari iwapo anavuta, hujibu kwa ukweli kabisa kwamba havuti. Jibu hilo huandikwa kwenye faili, naye hurudi nyumbani akiwa ameficha, pasipo kukusudia, jambo muhimu mno kuhusu mapafu na moyo wake.

Jibu hilo fupi linaweza kumkosesha vipimo vya kugundua ugonjwa ungali mchanga, kwa kuwa mapendekezo ya kitabibu kuhusu watu waliowahi kuvuta hutegemea maswali matatu: alivuta kiasi gani, kwa muda gani, na aliacha lini.

Faida ya kuacha haina ubishi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile inayomkabili anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10, hatari ya saratani ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu.

Utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, ambao matokeo yake ya miaka 50 yalichapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiongezea takriban miaka mitatu ya kuishi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alijiongezea sita, na mwenye miaka 40 alijiongezea tisa.

Hata hivyo, nusu ya hatari kubwa bado ni hatari. Madhara ya moshi kwenye chembe hai za mapafu hayafutiki yote siku sigara ya mwisho inapozimwa, na saratani inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Hesabu ya pakiti

Wataalamu hupima uzito wa uvutaji kwa kuzidisha idadi ya pakiti alizovuta mtu kwa siku na idadi ya miaka aliyovuta, pakiti moja ikihesabiwa kuwa na sigara 20. Aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 ana hesabu ya 20. Aliyevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 40 ana hesabu hiyo hiyo.

Kwa wale waliokuwa wakinunua sigara moja moja dukani, njia rahisi ni kukadiria sigara za siku, kugawanya kwa 20, kisha kuzidisha kwa miaka. Sigara 15 kwa siku kwa miaka 30 hutoa hesabu ya 22.5.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Mwaka 2021, jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilipendekeza watu wenye umri wa miaka 50 hadi 80, wenye hesabu ya 20 au zaidi, na ambao bado wanavuta au waliacha katika miaka 15 iliyopita, wapimwe mapafu kila mwaka kwa CT-Scan yenye dozi ndogo ya mionzi.

Mwaka 2023, Chama cha Saratani cha Marekani kiliondoa kigezo cha miaka 15 katika mapendekezo yake, kwa maelezo kwamba hatari haiishi kwa sababu tu muda huo umepita. Mwaka huo huo, Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwachunguza wakazi wa England wenye miaka 55 hadi 74 wanaovuta au waliowahi kuvuta.

Eksirei safi isiwe faraja

Watu wengi wakitaka kujua hali ya mapafu yao huomba eksirei ya kifua. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na kina kazi yake, lakini si njia ya kuaminika ya kutafuta saratani changa kwa mtu asiye na dalili.

Utafiti wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 150,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulibaini kuwa kupiga eksirei ya kifua kila mwaka hakukupunguza vifo vitokanavyo na saratani ya mapafu.

Mwaka huo huo, utafiti mwingine wa nchi hiyo unaojulikana kwa kifupi kama NLST, uliowahusisha watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana, ulilinganisha eksirei na CT-Scan ya dozi ndogo. Waliopimwa kwa CT-Scan walikuwa na vifo pungufu vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Mwaka 2020, utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji ulioitwa NELSON ulitoa matokeo yanayoelekea huko huko.

CT-Scan nayo ina mipaka yake. Katika NLST, watu 320 walihitaji kupimwa ili kuzuia kifo kimoja cha saratani ya mapafu. Aidha, karibu wanne kati ya kila 10 waliopimwa kwa CT-Scan mara tatu walipata angalau jibu moja la kutiliwa shaka, ilhali zaidi ya asilimia 95 ya majibu hayo hayakuwa saratani.

Ndiyo maana kipimo hicho hakipaswi kununuliwa kama bidhaa ya dukani. Anayekitaka anahitaji kwanza kuzungumza na daktari, hasa kwa kuwa gharama yake ni kubwa na hakipatikani katika kila hospitali.

Kivuli kinapoonekana

Kinachosumbua wengi ni taarifa kwamba kuna kinundu kwenye pafu. Hatua inayofuata hutegemea ukubwa na umbo lake, na aghalabu si upasuaji.

Kwa miongozo ya Marekani ya kusoma picha hizo, kinundu kigumu kilichoonekana katika kipimo cha kwanza kikiwa chini ya milimita sita, mhusika hurudia kipimo baada ya mwaka mmoja. Kikiwa kati ya milimita sita na nane, hurudia baada ya miezi sita. Kikifika milimita nane lakini kisifike 15, baada ya miezi mitatu. Kikubwa zaidi ya hapo huhitaji uchunguzi wa karibu, ukiwamo wa kuchukua kinyama kwa ajili ya maabara.

Hapo ndipo faida ya uchunguzi hupatikana au hupotea. Kipimo cha kwanza huonyesha kuwa kitu kipo. Cha pili huonyesha kama kinakua. Asiyerudi kwa tarehe aliyopangiwa amelipia hofu bila kupata kinga.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki lipo jambo la ziada. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo huacha makovu na vinundu vinavyoweza kufanana na saratani katika picha. Uvutaji wenyewe huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu.

Kwa hiyo aliyewahi kuugua kifua kikuu amweleze daktari kabla ya picha kusomwa. Naye aliyeanzishiwa dawa za ugonjwa huo bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, na hapati nafuu, anapaswa kurudi hospitali achunguzwe upya.

Si mapafu peke yake

Moshi wa sigara huumiza pia mishipa ya damu. Shinikizo la damu, sukari na lehemu ni vipimo vya kawaida ambavyo aliyevuta kwa muda mrefu hapaswi kuvikosa, kwa kuwa ugonjwa wa moyo na kiharusi ni miongoni mwa wauaji wakuu wa wavutaji.

Kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta, jopo la Marekani lilipendekeza mwaka 2019 ultrasaundi ya tumbo mara moja, ili kuangalia kama mshipa mkuu wa damu umevimba. Kipimo hicho hakina maumivu wala mionzi, nao mshipa huo ukipasuka ghafla wengi hufariki kabla ya kufika hospitali.

Mwenye kuishiwa pumzi anapopanda ngazi, au mwenye kikohozi cha kila asubuhi, anahitaji kipimo cha kupuliza hewa kiitwacho spirometria, ambacho huonyesha kama njia za hewa zimeziba.

Mapendekezo ya uchunguzi yaliyotajwa ni kwa wasio na dalili. Mwenye kikohozi kisichokwisha, damu kwenye makohozi, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, au damu kwenye mkojo, ambayo huweza kuashiria saratani ya kibofu, anapaswa kumwona daktari mara moja bila kujali umri wala hesabu ya pakiti.

Jambo la mwisho halina gharama. Picha na majibu yote yatunzwe nyumbani, hata kama mhusika atahamia mji mwingine. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si cha kutisha, lakini daktari hawezi kulijua hilo bila picha ya zamani ya kulinganisha.