Maji Yavujapo Penye Silinda Hedi

Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025, na wengi sasa huvuka Ghuba ya Mwanza kwa magari. Lakini watu wa Ukara, wa Kome na wa visiwa vingine vingi wangali wakitegemea vyombo vya majini, na baadhi ya vyombo hivyo huendeshwa kwa injini kuukuu zilizofumuliwa na kuundwa upya. Injini ikizimika katikati ya ziwa, na upepo ukivuma, maisha ya watu yamo hatarini. Basi twataka kueleza ugonjwa mmoja wa injini hizo, yaani kuvuja kwa maji ya kupozea mahali silinda hedi inapokutana na bloku.

Bloku ni mwili wa injini, wenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Silinda hedi ni kifuniko chake. Katikati hulazwa gasketi, ili moto usitoke katika silinda, wala maji na oili visichanganyike. Gasketi ni nyembamba. Haiwezi kuficha kosa la vyuma vilivyopinda.

Mbona hedi hupinda? Kwa sababu ya joto. Hedi nyingine ni za alumini, juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na alumini ikipata moto hutanuka kadiri ya mara mbili kuliko chuma hicho. Tena ziwa letu li juu ya bahari kwa mita 1,134 hivi. Kwa hiyo maji huku huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Walimu wenye kipimajoto waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa sufuria tu. Penye tangi la maji lenye mfuniko wa springi, shinikizo huchelewesha kuchemka. Lakini panapovuja, shinikizo hupotea, maji huchemka upesi, hedi huzidi kupinda, na ufa huzidi kupanuka.

Dalili zake ndizo hizi: maji hupungua kila siku wala hayaonekani yakidondoka, mapovu hutoka tangini bila kukoma, moshi mweupe huendelea hata injini ikiisha kupata moto, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Uonapo oili ya namna hiyo, usiwashe injini tena. Walakini kipozea oili nacho kichunguzwe, maana chaweza kuleta dalili iyo hiyo.

Wengi hukimbilia spana, wakakaza nati kwa nguvu zote. Hiyo si dawa: bolti hunyooka, na hedi hupinda zaidi. Wengine humimina dawa ya kuziba, nayo yaweza kuziba hata vijia vyembamba vya maji.

Njia iliyo sawa ni kupima. Injini ikiisha kupoa, maji yamwagwe, na nati zilegezwe kutoka pembeni kwenda katikati. Nyuso zisafishwe pasipo kuzikwaruza. Kisha rula ya chuma iliyonyooka ilazwe kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na vibati vya kupimia vipenyezwe chini yake. Kwa injini nyingi, kibati cha milimita 0.10 kikipita, hedi ipelekwe karakana ikasagwe. Lakini mwamuzi ni kitabu cha mtengenezaji. Bloku nayo ipimwe, kwani katika injini iliyoundwa upya vipande huenda vikatoka katika injini mbalimbali. Mashimo ya bolti yakaushwe, maana maji au oili iliyobaki chini humdanganya fundi akadhani amekwisha kukaza. Gasketi iwe mpya. Bolti zikazwe hatua kwa hatua kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Wala kazi haijaisha. Lililoleta joto litafutwe: pampu iliyochoka, au mdomo wa bomba ulioziba kwa matope na magugu maji. Sababu isipoondolewa, gasketi mpya itaungua kama ya kwanza. Ndipo chombo kijaribiwe karibu na ufuko, bila abiria.

Enyi wenye vyombo, msimharakishe fundi anayeomba siku moja zaidi ya kupima. Siku hiyo ina gharama, lakini ni heri kuipoteza ufukoni kuliko kuitafuta kilindini.