Injini Inapogeuzwa Breki

Malori yanayopita Ilomba, jijini Mbeya, yakitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, yameshapanda mlima wa Kitonga mkoani Iringa. Mbele yake kuna mteremko wa Iwambi unaoelekea Mbalizi. Hapo, Juni 2025, lori lililoshindwa kusimama liligonga magari mengine na watu 28 wakapoteza maisha. Ajali ya namna hii ikitokea, taarifa husema breki zilifeli. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Breki za magurudumu hazikutengenezwa zishushe mlima peke yake.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba lifike tani 56 pamoja na mzigo. Kila lori hilo linaposhuka mita 100 za kimo bila kuongeza mwendo, uzito wake unazalisha joto la kutosha kuchemsha takriban lita 160 za maji. Sehemu ya joto hilo humezwa na upepo na matairi. Linalobaki likiachiwa ngoma za breki, lainingi huungua, hunuka, kisha huteleza tu. Upepo wa breki umejaa kwenye matangi, pedali iko sawasawa, na gari halisimami.

Kwa hiyo injini nayo lazima ikamate. Tatizo ni kwamba dizeli, kwa maumbile yake, ni mvivu wa kukamata. Injini ya petroli ina kilango kinachobana njia ya hewa. Dereva akiinua mguu, pistoni huhangaika kuvuta hewa na gari hupunguza mwendo. Dizeli nyingi za malori huvuta hewa bila kizuizi. Pistoni ikipanda hubana hewa kwa nguvu nyingi, lakini ikishuka, hewa ile ile huisukuma na kuirudishia karibu nguvu yote, kama mpini wa pampu ya baiskeli uliyoziba mdomo wake kwa kidole. Lori linapewa kwa mkono wa kushoto kile lilichotoa kwa mkono wa kulia.

Aliyelitafutia dawa jambo hili alikuwa ameponea chupuchupu. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini ya Cummins huko Marekani, alikuwa na wenzake kwenye lori la dizeli wakishuka Cajon Pass, California. Breki ziliisha mlimani na wakakosakosa kugongana na treni ya mizigo bondeni. Miaka mingi baadaye akabuni kifaa kinachofungua valvu ya ekzosi pale pistoni inapofika juu kabisa. Hewa iliyobanwa inatoroka, na pistoni inashuka bila kusukumwa na kitu. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961, na mlio wake wa kugonga-gonga kama bunduki umewaudhi watu wa mijini Marekani hadi leo.

Kifaa hicho hutumia mafuta ya injini: pistoni moja ndogo husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni ya pili, nayo hufungua valvu. Ni ubunifu mzuri, lakini una masharti yake. Mafuta yakiwa na mapovu ya hewa hubonyea, valvu ikachelewa. Yakiwa machafu au presha ikishuka, kazi huharibika.

Zipo njia zinazotegemea chuma na hewa zaidi. Iliyo rahisi kuliko zote ni breki ya ekzosi, inayokutwa kwenye malori mengi ya Kijapani: kibamba cha chuma ndani ya bomba la moshi, kinachofungwa kwa upepo dereva anapovuta swichi. Moshi unakosa njia, presha inapanda, pistoni zinasukumana nayo. Nguvu yake ina kikomo, maana presha ikizidi huzishinda springi za valvu. Hata hivyo fundi yeyote wa barabarani anaielewa. Mercedes-Benz wakaongeza valvu ndogo kichwani mwa silinda inayobaki wazi muda wote wa kukamata, ikivujisha hewa iliyobanwa. Haihitaji kufunguliwa kwa wakati maalumu, hivyo hakuna haja ya mafuta ya kuisukuma kila mzunguko. Jacobs wenyewe, katika vifaa vyao vya karibuni, wameyapunguzia mafuta mzigo: yanafunga au kufungua komeo tu, halafu chuma ndicho kinachobeba nguvu.

Hakuna kati ya hivi kinachosaidia gari likiwa free, yaani bila gia. Hapa pana imani inayoua: kwamba kushuka mlima bila gia kunaokoa dizeli. Ukweli ni kinyume. Lori likiwa ndani ya gia na mguu umeinuliwa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na mfumo wa dizeli hukata mafuta. Likiwa free, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Dereva anapoteza breki ya injini na dizeli kwa pamoja.

Gia nzito ndiyo breki ya kwanza ya kimakanika, na haina bei. Ichaguliwe juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukishashika kasi, kurudisha gia kwenye lori zito ni kubahatisha, na ikikataa kuingia unabaki free.

Tukirudi kwenye breki ya ekzosi, udhaifu wake mwingine ni masizi. Kibamba kikiganda kikiwa wazi, hakikamati. Kikiganda kimefungwa nusu, lori linakosa nguvu mlimani, na kishawishi cha kuking'oa kinakuwa kikubwa. Kukisafisha na kukilainisha ni kazi ya gereji ya kawaida.

Basi unayenunua lori lililotumika, usiishie kutazama matairi na kusikiliza injini. Liendeshe, inua mguu likiwa kwenye gia, kisha vuta swichi ya breki ya ekzosi. Usiposikia sauti ikibadilika na gari likivutwa nyuma, muuzaji alitengeneze kwanza ndipo mzungumze bei.