Shetani Alikula Ngapi?

Leo tuanze na kisa ambacho pengine hata kikundi chenu kimekiona kwa sura nyingine. Sisi tulikuwa tukichanga pesa za kununua tangi la maji. Kila Alhamisi mtu alitoa alichonacho, mweka hazina akaandika kwa daftari. Siku ya kwenda kununua tangi ilipofika, sanduku lilifunguliwa, na pesa zikaonekana zimepungua kwa shilingi 14,600. Mweka hazina alipiga magoti mbele yetu akilia, akasema, "Ni shetani aliniingia. Naomba mniombee."

Watu waliinamisha vichwa, na mmoja wetu alikuwa tayari ameanza wimbo. Ndipo nyanya mmoja, ambaye mkutanoni huwa hasemi mengi, akainua mkono. "Mwanangu, kuomba tutaomba. Lakini hizo elfu kumi na nne na mia sita, shetani alikula ngapi na wewe ulikula ngapi?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na swali lake halijanitoka mpaka leo.

Tusielewane vibaya. Mkristo hasemi kwamba shetani hayuko. Petro anawaonya waumini kwamba huyo adui huzunguka kama simba anayetafuta mawindo. Swali ni kama majaribu yake yanaondoa deni la mtu. Ukifungua Biblia ukitafuta mtu aliyeachiliwa kwa sababu alimtaja shetani, utatafuta sana.

Anza kule Edeni, Mwanzo sura ya 3. Mungu alimwuliza Adamu, naye akamsukumia mke wake. Akamwuliza Hawa, naye akamsukumia nyoka. Lakini angalia jambo hili: nyoka hakuulizwa hata swali moja, yeye alilaaniwa tu. Walioulizwa ni wale wawili, maana ndio waliopewa amri na ndio waliotakiwa kujibu. Kila mmoja alibeba adhabu yake, ijapokuwa ni kweli kabisa kwamba nyoka alidanganya.

Kisha kuna Daudi. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 21, kinasema wazi kwamba ni Shetani aliyemshawishi mfalme kuwahesabu Waisraeli. Basi Daudi alikuwa na kisingizio kilichoandikwa katika Maandiko yenyewe! Hata hivyo hakukitumia. Alimwambia Mungu kwamba yeye ndiye aliyekosa, akaomba mkono wa Mungu uwe juu yake na jamaa yake, si juu ya watu wake.

Na kwa sisi wa vikundi, Yuda anatuhusu zaidi. Wengi tunakumbuka kwamba Luka anasema Shetani alimwingia Yuda. Tunasahau maneno ya Yohana sura ya 12, kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa pesa za wanafunzi, na kwamba alikuwa akichota humo. Yaani alikuwa mweka hazina! Kabla ya vile vipande 30 vya fedha kulikuwa na senti ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezihesabu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi siku nyingi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulipomwuliza mama yule polepole, bila kelele, alieleza. Mara ya kwanza alichukua shilingi 300 za dawa ya mtoto, na akazirudisha baada ya wiki moja. Mara ya pili akachukua 500 akirudisha 200. Baadaye ikawa yunifomu, halafu karo, na daftari likawa linaandikwa vile anavyotaka yeye. Yakobo katika sura ya 1 analieleza jambo hili kama habari ya uzazi: tamaa ya mtu mwenyewe humvuta, ikatunga mimba, ikazaa dhambi, nayo dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mimba haiji na kuzaliwa siku moja. Kulikuwa na Alhamisi nyingi ambazo angeweza kusema, "Wenzangu, nina shida, nikopesheni."

Huyo huyo Yakobo anaagiza, katika sura ya 4, tumpinge shetani naye atakimbia. Amri kama hiyo haipewi mtu asiyeweza kitu. Kwa hiyo anayesema "sikuweza, nilishikwa" anajipunguzia hata ile heshima ambayo Mungu alimpa.

Hapa lazima nijiseme na sisi tuliobaki. Jioni ile mwenyekiti alisema shetani ameingilia kikundi, nasi tukaitikia amina. Lakini ni nani aliyempa mtu mmoja sanduku, ufunguo na daftari? Ni sisi. Ni nani aliyekaa miezi bila kuuliza daftari lisomwe? Ni sisi, tena tuliona aibu kuuliza kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa. Tulimsingizia shetani uvivu wetu wenyewe. Siku hizi sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali. Pesa huhesabiwa kwa sauti kabla ya maombi ya kufunga. Zile zinazotumwa kwa simu husomwa mbele ya wote, ujumbe kwa ujumbe. Kuna waliosema huko ni kutoaminiana. Mimi naona ni kumhurumia mweka hazina.

Na lile deni? Wengine walitaka tusamehe yote tusonge mbele. Mzee mmoja akafungua Walawi sura ya 6, inayosema juu ya mtu aliyekana amana aliyowekewa na mwenzake: arudishe yote, aongeze na sehemu ya tano, ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Kurudisha kunatangulia madhabahu. Naye Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, wala hatusikii akimtaja shetani. Tulipiga hesabu: sehemu ya tano ya 14,600 ni 2,920. Tulibishana mpaka giza likaingia, kwa maana ana watoto na shamba lake ni dogo. Mwishowe tulimwambia arudishe zile 14,600, kidogo kidogo, na hiyo sehemu ya tano tukamwachia yeye na Mungu wake.

Alilipa kwa mayai, kwa vibarua vya kupalilia, na msimu mmoja kwa gunia la mahindi. Ilimchukua mwaka na miezi miwili. Siku alipoleta pesa za mwisho nyanya alizihesabu mara mbili, akamkuta ameongeza 2,920. Tangi sasa liko kando ya shule, na yeye huja kuteka maji pamoja na sisi. Ufunguo hajaomba, nasi hatujampa.