Kupima Madai Yanayokinzana: Je, Kupunguza Wanga Huzuia Saratani?

Katika insha ya hoja, mtahiniwa hupewa mada yenye pande mbili na kutakiwa kufikia msimamo. Wengi huorodhesha hoja za kuunga mkono, kisha za kupinga, halafu hufunga kwa kusema kila upande una ukweli wake. Huko si kupima. Kupima ni kuonyesha hoja ipi ina uzito na kwa nini. Tutumie mada ambayo huenda umeisikia hata nyumbani.

Madai yenyewe

Dai A: Anayeacha ugali, wali na viazi hujikinga na saratani, kwa sababu sukari ndiyo chakula cha seli za saratani.

Dai B: Vyakula vya wanga ndivyo hukinga, kwa sababu jamii zilizovila kwa wingi hazikuugua sana saratani ya utumbo mpana.

Hatua ya 1: Tenganisha ukweli na hitimisho

Dai A lina ukweli ndani yake. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi kuliko kawaida. Lakini kumbuka somo la Baiolojia: kiwango cha glukosi katika damu hudhibitiwa. Kikishuka, kongosho hutoa glukagoni, nalo ini huachilia glukosi kutoka kwenye akiba yake. Ini huweza pia kutengeneza glukosi kutokana na protini. Kwa hiyo, sahani isiyo na ugali haileti damu isiyo na glukosi. Isitoshe, tabia ya seli ambayo tayari ina saratani haituambii ni nini huzuia saratani kuanza. Ukweli upo, ila hitimisho limeruka mbali.

Hatua ya 2: Chunguza aina ya ushahidi

Dai B linatokana na kazi ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 1971 alieleza kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, akahusisha jambo hilo na nyuzinyuzi nyingi katika vyakula vyao. Ushahidi huu ulilinganisha jamii na jamii, na jamii hutofautiana kwa mengi: umri, kazi, uzito wa mwili na huduma za hospitali. Dai lilipata nguvu baadaye, pale tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zilipoonyesha kuwa walaji wa nyuzinyuzi nyingi huugua saratani hiyo kwa kiwango cha chini.

Hata hivyo, mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja lilete jingine. Ilionekana kwamba watu wanaokula vyakula vyenye beta-karotini kwa wingi huugua saratani ya mapafu kwa nadra. Watafiti wa Ufini wakafanya jaribio kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wakiwagawa katika makundi kwa bahati nasibu. Matokeo ya mwaka 1994 yaliwashangaza: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Hatua ya 3: Fafanua maneno

"Wanga" ni neno pana. Soda ya sukari, sembe, dona na maharage vyote vina kabohaidreti, lakini dona na maharage vina nyuzinyuzi nyingi, soda haina. Uliza pia: aliyeacha wanga anakula nini badala yake? Mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Anayeacha ugali wa dona akala soseji kila siku hajajikinga. Kwa upande mwingine, unene uliokithiri huongeza hatari ya saratani kadhaa. Mlo wa wanga kidogo ukimpunguzia mtu uzito, unaweza kumsaidia kwa njia hiyo, kama milo mingine inayopunguza uzito.

Hatua ya 4: Andika msimamo wenye kipimo

Mfano: *Hakuna jaribio kubwa la muda mrefu lililothibitisha kuwa kuacha wanga huzuia saratani. Ushahidi wa nyuzinyuzi una nguvu zaidi, ingawa hauhusu kila aina ya wanga wala kila saratani. Hivyo, aina ya wanga ni muhimu kuliko kuuacha wote.*

Zingatia: Kuzuia ugonjwa na kuutibu ni mambo mawili tofauti. Mgonjwa anayeacha dawa kwa kutegemea mlo anahatarisha maisha yake. Usichanganye mambo haya katika insha, wala unapomshauri ndugu yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ugunduzi wa Warburg hautoshi kuthibitisha Dai A? Toa sababu mbili.
2. Jaribio la Ufini linatufundisha nini kuhusu ushahidi wa Dai B?
3. "Asali haina madhara kwa mgonjwa wa kisukari kwa kuwa ni ya asili." Pima dai hili kwa kufuata hatua nne.