Mama Mjamzito, Usingoje Tumbo Lionekane

Ndugu wanakikundi, tukitembelea vikundi vya Mambrui na vijiji vya ng'ambo hii ya Sabaki, tunawakuta akina mama wanaoanza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba au minane. Ukiuliza sababu, utajibiwa: "Naogopa macho ya watu," au "Mbona siumwi?" Hofu hiyo tunaielewa. Lakini malaria haingoji tumbo lionekane.

MALARIA HUMFANYA NINI MJAMZITO?
Mbu akishamwuma mama, vijidudu vya malaria huingia katika damu na kwenda kujificha kwenye kondo la nyuma, pale ambapo mtoto hupatia chakula chake. Mama anaweza asisikie homa hata kidogo. Kumbe ndani damu yake inapungua na mtoto anakosa chakula. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati, au akawa na uzito wa chini ya kilo 2 na nusu. Mtoto kama huyo hushindwa upesi na baridi na magonjwa. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi.

DAWA YA KINGA
Huku kwetu Pwani, na pia kandokando ya Ziwa Victoria, kliniki huwapa wajawazito vidonge vya SP. Mama humeza vitatu kwa pamoja mbele ya nesi. Huanza miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha hurudia aendapo kliniki, mradi mwezi mmoja umepita. Yafaa apate angalau mara 3 kabla ya kujifungua.

Sasa tupige hesabu. Aliyeanza mwezi wa nne anaweza kupata mara 5 au 6. Aliyeanza mwezi wa nane hapati zaidi ya mara 2. Nesi hawezi kumpa zote siku moja.

Angalieni: mama anayemeza septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, kwa hiyo amweleze nesi. Na mjamzito akisikia homa, apimwe damu siku hiyo hiyo; SP ya kinga si tiba.

NETI
Neti yenye dawa ilijaribiwa hapa hapa Kilifi miaka ya 1993 hadi 1995. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Basi neti ni ya mama na mtoto kulalia kila usiku, si ya kuvulia samaki wala kuzungushia miche.

KIKUNDI KIFANYE NINI?
1. Chagueni mama mmoja mwenye kutunza siri, wa kumsindikiza kliniki aliye na mimba changa.
2. Mkunga wa jadi awe wa kwanza kusema, "Twende kliniki."
3. Akina baba, nauli ya kliniki ni jukumu lenu pia.
4. Wekeni akiba ya gari la dharura. Mama akitoka damu, akiumwa sana kichwa, akiona kiwi, akipata degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA
Je, katika kikundi chetu mama wa mwisho kujifungua alianza kliniki mwezi wa ngapi? Nini kilimchelewesha? Sisi tungemsaidiaje?