Pombe, Usukani na Leseni

Nchini Kenya, kosa la kuendesha gari ukiwa mlevi limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu hicho hakiulizi dereva amekunywa chupa ngapi. Kinauliza kama pombe au dawa ya kulevya imemlemea hata akashindwa kulimudu gari. Kila mwenye matatu, tuktuk au bodaboda anayebeba abiria kandokando ya soko la Kibuye mjini Kisumu anapaswa kulielewa swali hilo, maana pikipiki nayo ni chombo cha moto mbele ya sheria, sawa na lori.

Kosa lenyewe ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Linamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha, na hata mtu ambaye gari liko mikononi mwake barabarani au mahali pengine pa umma. Anayetoka baa ya Kondele usiku, akaketi kwenye usukani, akawasha injini na kusinzia kabla gari halijasogea, anaweza kufikishwa kortini.

Mabishano makubwa yaliletwa na Alcoblow, kifaa cha kupima pumzi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Aliyepita hapo alihesabiwa mkosaji, hata kama gari lake lilikuwa likienda sawasawa. Aprili 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hiyo inagongana na kifungu cha 44, na kanuni haiwezi kuishinda sheria iliyoizaa. Wapo waliosherehekea wakidhani kosa limefutwa. Halikufutwa, na kuamini hivyo ni hatari. Kilichobadilika ni mzigo wa ushahidi: namba ya kwenye kifaa haitoshi peke yake. Upande wa mashtaka unahitaji kuonyesha kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, kwa mfano kupitia askari aliyeliona likiyumba au daktari aliyemchunguza dereva.

Anayepatikana na hatia hupigwa faini, hufungwa, au huadhibiwa kwa vyote viwili. Juu ya hayo hupoteza haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, na mahakama inaweza kuongeza muda huo. Kwa anayeishi kwa usukani, hapa ndipo penye uchungu. Faini huweza kuchangiwa na jamaa, leseni haichangiwi.

Mtu akifa kwa sababu ya uendeshaji wa hatari, kesi huhamia kifungu cha 46. Kifungo kinaweza kufika miaka 10, leseni hufutwa, na marufuku ya miaka 3 huanza kuhesabiwa siku ya hukumu au siku ya kutoka gerezani, ipi itakayochelewa. Miaka ya jela, basi, haipunguzi miaka ya marufuku.

Mpangilio huo huo unamsubiri anayerudia kosa la kuendesha ovyo chini ya kifungu cha 47, shtaka linaloweza kumkabili dereva mlevi pia. Kosa la kwanza lina faini isiyozidi shilingi 100,000. La pili na yanayofuata yanafika shilingi 300,000, leseni hufutwa, na dereva hukaa miaka 2 bila ruhusa ya kuendesha.

Rekodi ya zamani haitajwi wakati wa kuamua hatia. Hakimu akishatoa uamuzi, ndipo kiongozi wa mashtaka hueleza kama mshtakiwa amewahi kutiwa hatiani. Mshtakiwa naye hupewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kibuye iko papo hapo mjini Kisumu. Akiendesha gari kabla marufuku haijaisha, hilo ni kosa jipya lenye shtaka lake.